Mfumo unasema nimeshachukua mbolea ya ruzuku, mimi hata mfuko mmoja sijauona!

Mbukwenyi wakuu. Leo nina hasira, mtanivumilia.

Nalima mahindi na alizeti huku Dodoma vijijini, upande ambao mazao yetu yanaishia soko la Kibaigwa. Huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na hapo katikati inaweza kukata wiki kadhaa. Ukichelewa kupanda, imekula kwako. Sasa mvua za kwanza zimeshapiga, trekta limeshapita shambani, naenda kwa wakala kuchukua DAP ya kupandia. Namba yangu ya mkulima, ile ya usajili wa ruzuku, ipo kwenye simu, hela ipo mfukoni. Jamaa anaingiza namba, anaguna, ananiambia, "Mzee wangu, wewe umeshamaliza mgao wako."

Nimemalizia wapi? Nikamwomba anigeuzie simu nione mwenyewe. Jina langu, kijiji changu, ekari 14. Mimi nina ekari 4, na humo ndimo alizeti imo, ambayo haijawahi kuonja mbolea. Mifuko yote ya hizo ekari hewa inasomeka imechukuliwa, tena kwenye duka ambalo sijawahi kukanyaga.

Kwa mliopo mjini: ruzuku hii mkulima hashikishwi hela. Analipa bei iliyopunguzwa, ile tofauti serikali inamlipa mwenye mbolea. Mpango ulipozinduliwa Nane Nane ya 2022 kule Mbeya, mfuko wa kilo 50 wa DAP au UREA uliwekwa shilingi 70,000 wakati bei yenyewe ilikuwa imepita laki. Maana yake namba ya mkulima ni pesa. Mtu akiwa na namba yangu, na ana mwenzake wa kumchezea ekari kwenye daftari, "ananiuzia" mbolea kwenye simu, mfuko anaupeleka kwa bei ya mtaani, na ile tofauti bado inadaiwa serikalini kwa jina langu. Amekula huku na huku. Mimi kwenye ripoti zao ni mnufaika, tena mnufaika mkubwa, ekari 14!

Nikaenda kwa mtendaji. Eti, "Mzee, huo ni mtandao, ulikuwa unasumbua." Mtandao gani unaojua kuweka moja mbele ya nne? Afisa ugani naye kanishauri nihuishe taarifa zangu msimu ujao. Msimu ujao wakati shamba limelowa leo! Nimeishia kununua mfuko mmoja kwa bei ya mtaani, na pale ubavuni ile lebo ya kusomwa kwa simu imekwanguliwa kwa kitu kama wembe, imebaki kipande cha pembeni. Nimeuhifadhi, siutupi.

Wazee wenzangu mnakumbuka vocha za mbolea ya ruzuku za kuanzia msimu wa 2008/09. Watu walisaini, wakapozwa na vijisenti, mbolea ikaishia kusikojulikana. Tukaambiwa simu itaziba huo mwanya. Sisemi mfumo wote ni mbovu, jirani yangu kachukua yake safi kabisa bila longolongo. Lakini mpaka leo namba yangu inatumika bila mimi kujulishwa, na hilo haliwezi kuwa bahati mbaya.

Ninachodai ni kidogo. Namba ikitumika, ujumbe uingie kwenye simu ya mwenyewe palepale, na mfuko usitoke hajajibu. Halafu orodha ya waliochukua, na ekari zao, ibandikwe ofisi ya kijiji. Huku tunajuana mashamba mpaka mipaka, mwenye ekari hewa angejulikana kabla gundi haijakauka.

Wa Kondoa, Mpwapwa, Bahi, Manyoni, ulizeni namba zenu zinasomekaje kabla hamjafunga safari na nauli zenu. Na kama kuna aliyerudishiwa mgao wake ndani ya msimu huohuo, aniambie alianzia ofisi gani, maana mahindi yakifika magotini nitahitaji UREA ya kukuzia.