Naomba ushauri: beji ya mabawa ya rubani wa RAF (jeshi la anga la Uingereza), ya vita au ya juzi?

Wakuu, kuna beji ya kitambaa inauzwa Kariakoo, muuzaji anasema ni ya 1939–45. Herufi ni RAF, si RFC (kikosi cha anga kilichoitangulia RAF), kwa hiyo haitangulii Aprili 1918. Taji limepinda kama kuba, yaani la mfalme. Lile la Malkia Elizabeth II, la miaka ya 1950 kuendelea, limebonyea katikati. Tatizo, Mfalme Charles III naye amechagua taji la kuba mwaka 2022, basi taji peke yake halitoshi tena.

Chini ya taa ya kukagulia noti (ya UV), nyuzi za mabawa hazing'ai ila za ukingoni zinatoa buluu. Ni polyesta, yaani uzi wa baada ya vita, au ni sabuni ya unga? Sabuni za siku hizi zina king'arisho kinachodanganya taa, na beji yenyewe inanukia sabuni kabisa! Kuchoma uzi mmoja (polyesta huyeyuka ikaganda kidonge, pamba huwa jivu) muuzaji hataki, na ana haki.

Mgongoni kuna matundu ya sindano, kana kwamba iliwahi kushonwa kwenye sare, lakini kitambaa cheusi hakijafifia kuyazunguka. Hilo ndilo linanitia shaka zaidi. Mnaojua, matundu hayo yanaweza kuwa ya kughushi? Na picha ya mgongo pekee inatosha kuwapa jibu?