Wananunua jina la gemu, hadithi wanaitupa: Tekken ya 2010 bado inaniuma

Wakuu, hili nimekaa nalo miaka mingi, leo nalitoa.

Jumamosi mpwa wangu alikuja kulala kwangu. Ana miaka 12, anacheza Tekken 8, lile gemu la kupigana, kwa jirani yao, na Jin Kazama ndiye mpiganaji wake. Akanikuta napekua muvi za zamani, akaliona jina la Tekken, akaning'ang'ania tuiangalie. Mimi niliyajua yaliyomo, nikajaribu kumpeleka kwenye picha nyingine, akakataa. Haikupita hata nusu saa akaanza maswali. "Mjomba, Hwoarang yuko wapi?" Hayupo. "Na King?" Hayupo. "Devil anatokea saa ngapi?" Hatokei. Akaangalia kidogo, kisha akaaga akaenda kulala. Mtoto anayeamka alfajiri ili awahi pedi kabla ya wenzake ameikimbia muvi ya gemu anayoipenda kuliko zote! Nikabaki peke yangu na hasira ileile niliyokuwa nayo nilipoitazama mara ya kwanza.

Waliokulia kwenye vibanda vya gemu wataelewa ninachosema. PS1 moja, TV ya chogo, benchi la mbao, shilingi mia unacheza, anayepigwa anapisha. Tekken 3 ndiyo ilikuwa shule yetu. Kiingereza hatukukijua na Kijapani ndiyo kabisa, lakini hadithi tuliijua. Tuliijuaje? Ukimaliza gemu na mtu wako, unaletewa kimuvi chake. Kibanda kizima kinanyamaza. Hata waliokuwa wanagombania zamu wananyamaza. Tunaangalia, halafu anayejua zaidi anaeleza, anayebisha anabisha, na kesho yake mtu analeta habari mpya aliyoisikia mtaa wa pili. Hivyo ndivyo tulivyoujua ukoo wa Mishima, kipande kwa kipande, kama habari za majirani zetu.

Na jamani, ile ni hadithi! Heihachi, mkuu wa ukoo, anamtupa mwanawe Kazuya korongoni akiwa na miaka mitano, eti apime kama ana nguvu. Mtoto hafi. Anakua na kovu kifuani, anarudi kwenye mashindano, anampiga baba yake na kumtupa korongo lilelile. Baba naye hafi. Anarudi, anampiga mwanawe na kumtumbukiza kwenye volkano. Kazuya ameacha mimba kwa Jun Kazama, anazaliwa Jin. Jin akiwa na miaka 15, jitu liitwalo Ogre linavamia nyumba yao na mama anapotea. Mtoto anakwenda kwa nani? Kwa babu. Kwa Heihachi! Babu anamfundisha miaka minne, mjukuu anapigana, anamshinda Ogre, na palepale babu anampiga risasi ya kichwa. Ndipo Devil anaamka ndani ya Jin, anambamiza mzee ukutani na kuruka na mbawa zake.

Niambieni kinakosekana nini hapo. Mali, wivu, laana ya ukoo, mama aliyepotea, babu msaliti. Mtu yeyote anayeijua familia yenye ugomvi wa urithi anaielewa hadithi hii bila kushika pedi hata siku moja. Haikuhitaji kubuniwa. Ilikuwa imeshaandikwa, imeshapendwa, na watu duniani kote waliijua kwa kichwa.

Sasa angalia walichotuletea. Mwaka ni 2039, makampuni yanatawala dunia, Jin amefanywa kijana wa magendo kwenye mtaa wa mabanda, mama anauawa kwa bomu, kijana anaingia ulingoni kulipiza. Basi. Ukibadilisha majina ya watu, hakuna atakayejua kwamba hii ni Tekken. Hakuna babu anayemlea mjukuu ili aje amuue. Korongo, ambalo ndilo roho ya ugomvi wote, halimo.

Kinachoniuma zaidi ni Eddy Gordo. Kila aliyepita kibandani anamjua Eddy. Yule ndiye mtu wa wasiojua gemu. Unabonyeza vitufe vya miguu tu na mpinzani anachezea teke mpaka anarusha pedi. Kumbe ana historia nzito: baba yake aliuawa, akaingia jela Brazili, mzee mmoja mfungwa ndiye akamfundisha kapoeira humo ndani. Na watu wa muvi walimpata mtu anayefaa kabisa, Lateef Crowder, mcheza kapoeira wa kweli, ndiye aliyepambana na Tony Jaa katikati ya moto na maji mwaka 2005. Wakampa dakika chache wakamtoa! Mtu unaye, mwili anao, mateke anayo, unamweka pembeni ili tuwatazame Jin na Christie wakitongozana. Hapo mimi sina msamaha.

Msinijibu kwamba nachagua mno. Katsuhiro Harada, mzee wa Tekken mwenyewe, alisema hadharani kwamba picha ile ni mbaya na kwamba wao hawakuweza kuisimamia kwa sababu ya mkataba ulivyokuwa. Isomeni tena hiyo. Waliotengeneza gemu hawakuwa na sauti kwenye muvi yenye jina la gemu lao! Ndiyo maana nasema wananunua jina. Jina linauza DVD, linajaza bango, linamfanya mtoto wa miaka 12 amng'ang'anie mjomba wake. Kilichomo ndani hakiwahusu. Marekani kwenyewe haikufika kumbi za sinema, ilikwenda moja kwa moja kwenye DVD mwaka 2011.

Na si Tekken peke yake. Street Fighter ya 1994 walimchukua Ryu, ambaye ndiye sura ya gemu, wakamfanya yeye na Ken matapeli wa kuuza silaha za bandia, ili usteringi apewe Guile kwa kuwa Jean-Claude Van Damme ndiye mwenye jina. Aliyefanya kazi kwenye picha ile ni Raul Julia, adui M. Bison, aliyeigiza akiwa mgonjwa na akafariki Oktoba 1994, miezi miwili kabla haijatoka. Yule namheshimu mpaka kesho. Doom ya 2005 waliiondoa jehanamu, ambako ndiko mashetani wa gemu hilo wanakotoka. Doom bila jehanamu! Resident Evil wakatunga mtu wao, Alice, ambaye kwenye gemu hayupo, wakampa usteringi wa picha sita kuanzia 2002 hadi 2016, na akina Leon, Jill na Chris, mashujaa wa gemu lenyewe, wakawa wapita njia.

Mortal Kombat ya 2021 nataka niiseme polepole, kwa sababu ile ilinipa matumaini kabla ya kuniangusha. Mnakumbuka mwanzo wake? Japani, mwaka 1617, Hanzo Hasashi, ambaye ndiye Scorpion, yuko na familia yake, Bi-Han, yaani Sub-Zero, anakuja na barafu. Waigizaji ni Hiroyuki Sanada na Joe Taslim. Zile dakika za kwanza nilisimama. Nikasema, hatimaye, wamepata. Dhuluma imeonyeshwa, kisasi kimepandwa, Scorpion na Sub-Zero wanaeleweka hata kwa bibi yangu. Halafu wanakata, wanatuletea Cole Young. Nani? Hayumo kwenye gemu lolote lililotangulia. Ana alama ya joka mwilini na muvi nzima tunasubiri nguvu zake zitokee, wakati Liu Kang na Kung Lao, mashujaa wa gemu wenyewe, wamesimama pembeni wakimfundisha mgeni. Na mashindano yenyewe hayafanyiki! Mortal Kombat ni mashindano. Ni sawa na kutuita uwanjani kutazama fainali, tukakaa saa mbili tukiangalia mazoezi.

Ya 1995 ilikuwa na hela kidogo kuliko hii na haikuwa na damu, lakini ilijua ni ya nani. Liu Kang ameuliwa mdogo wake na mchawi Shang Tsung. Sonya, askari, anamtafuta mhalifu Kano. Johnny Cage, mwigizaji wa muvi, anataka watu waamini kwamba ngumi zake ni za kweli. Watu watatu, sababu tatu, kisiwa kimoja, mashindano yanaanza. Ina makosa, sikatai. Scorpion na Sub-Zero wamefanywa watumwa wa Shang Tsung, na hilo mpaka leo linanikera. Ila ukitoka pale umeona Mortal Kombat. Na tazameni hili: Shang Tsung wa 1995 na Heihachi wa 2010 ni mwigizaji mmoja, Cary-Hiroyuki Tagawa. Kule alipewa maneno na uovu wa kuchezea, tukamwogopa. Huku alivishwa nywele za Heihachi tu, akaachwa bila Heihachi. Tatizo halikuwa mwigizaji.

Kuna utetezi nimechoka nao, kwamba wasiocheza gemu hawataelewa, kwa hiyo lazima hadithi ibadilishwe na aletwe mtu mpya wa kuelezwa mambo. Uongo huo. The Last of Us ilipotoka kama tamthilia mwaka 2023, Neil Druckmann aliyeandika gemu alikuwa ndani, akiandika pamoja na Craig Mazin. Watu ambao hawajawahi kushika pedi walilia kwa ajili ya Joel na Ellie. Muvi ya Mario ya mwaka huohuo, Shigeru Miyamoto aliyemuumba Mario alikuwa mtayarishaji mwenza, ikapita dola bilioni moja. Wenye gemu wakiwemo chumbani, mambo yanakaa. Wakifungiwa nje na mkataba, tunaletewa magendo ya 2039. Sasa hilo wazalishaji hawalioni? Wanaliona. Wanajua tutanunua kwanza kwa sababu ya jina, na malalamiko yetu yatakuja hela ikiwa imeshaingia. Hicho ndicho kinachonitia hasira kuliko ubovu wenyewe: wanautumia upendo wetu dhidi yetu.

Jumapili asubuhi nilimkalisha mpwa wangu nikamsimulia yote, tangu korongo mpaka risasi. Gemu lilikuwa limewashwa, pedi iko mapajani mwake, hakuigusa mpaka nilipomaliza.

Anayeitetea Tekken ya 2010 aje hapa, lakini asiniambie "ni muvi tu". Anitajie tukio moja lililotoka kwenye gemu ambalo wamelitendea haki. Na mwenye kujua inapouzwa Mortal Kombat ya 1995, nakala halali yenye picha safi, anielekeze nikanunue. Dogo anarudi Jumamosi.