Mjadala: Mwanafunzi mwenye A- na E ana nafasi gani katika chuo kikuu cha umma?

Mwalimu wa kutwa, Kilifi (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, nimefundisha Kiswahili na Historia katika shule ya kutwa kwa miaka kumi na mitatu. Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakitoka, kuna jina moja huninyima usingizi. La KCSE ya 2022 ni la binti mmoja. Kiswahili alipata A-, Historia B+, Dini B, Kiingereza B-, Biashara C+. Halafu Baiolojia D+, Kemia D-, Hisabati E.

Mnaojua hesabu za KNEC, baraza la mitihani, mshaona palipoharibika. A ni pointi 12, unashuka moja moja hadi E, ambayo ni 1. Wakati ule wastani ulikokotolewa kwa masomo saba: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, na mawili mengine. Pointi zake, kwa mpangilio huo, ni 1, 8, 11, 4, 2, 10 na 9. Jumla 45. Gawa kwa saba upate 6.43, yaani C. Ili kufika C+, ambayo ndiyo alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, unahitaji 46. Alikosa chuo kikuu kwa pointi moja, na Biashara yake yenye pointi 7 haikuhesabiwa popote.

Hiyo Kemia niieleze. Alipokuwa kidato cha pili na cha tatu, shule haikuwa na mwalimu wa Kemia aliyetumwa na serikali. Bodi iliajiri kijana kwa pesa za wazazi, akafundisha vizuri, akapata kazi kwingine katikati ya muhula, akaenda. Maabara yetu ni chumba chenye meza mbili na bomba ambalo maji hayajawahi kutoka. Watoto walikutana na titresheni, jaribio la kawaida la maabara ya Kemia, kwa mara ya kwanza wakiwa wamebakiza miezi michache kufanya mtihani. Kwa hiyo mtu akinionyesha ile D- na kusema ni kipimo cha akili ya huyu mtoto, sikubali.

Binti alitaka kusomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Masomo yote mawili aliyopaswa kufundisha aliyaweza kuliko wengi walioingia.

Swali langu: je, ni haki wastani wa masomo yote uwe mlango wa chuo kikuu cha umma, hata kwa kozi ambayo haitagusa Kemia maisha yake yote? Msimamo wangu ni kwamba si haki. Kozi ipimwe kwa masomo yanayoihusu. Karibuni, na mnaonipinga mnipinge kwa hoja.

Mhadhiri, chuo kikuu cha umma

Mwalimu, pole kwa binti huyo. Lakini watu wengi wanadhani KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, haioni mwanafunzi mwenye alama za kupanda na kushuka, na hilo si kweli. Ukishavuka C+, unashindana kwa pointi za klasta, yaani kundi la masomo yanayoihusu kozi. Wanachukua masomo manne ya kozi uliyoomba, ambayo jumla yake ya juu ni 48, na jumla yako ya masomo saba, ambayo ya juu ni 84. Pointi zako hugawanywa kwa jumla ya juu katika kila sehemu, sehemu hizo mbili huzidishwa, unatafuta kipeo chake cha pili, kisha unazidisha kwa 48.

Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza ana B+ kila somo, jumla 70, na klasta yake ni 40. Anapata 40.0. Wa pili ana A katika masomo yote manne ya klasta, na matatu yaliyobaki ana pointi 16 tu kwa jumla, kwa hiyo ana 64. Wastani wake ni B, lakini klasta inampa 41.9. Mwenye B amempita mwenye B+! Sasa mwondolee huyo wa pili A moja kwenye klasta, uweke C- mahali pake, jumla yake ibaki 64 ileile. Anashuka hadi 38.7.

Maana yake ni kwamba kwa mtoto wa aina hii, udhaifu unaumiza zaidi ukiangukia ndani ya klasta. Walimu wa shule za upili hamliwekei hilo mkazo watoto wanapochagua kozi. Wanafunzi huandika Udaktari au Sheria kwa sababu ya jina, wakati klasta nyingine ingewapokea kwa pointi nzuri.

Kuhusu C+ yenyewe, mimi naitetea. Ninasahihisha kazi za mwaka wa kwanza. Kuna mwanafunzi wa Historia asiyeweza kusoma jedwali la idadi ya watu, kwa sababu Hisabati aliitupa kidato cha pili. Chuo kikuu si darasa la masomo mawili.

Mama, Eldoret

Shikamooni. Mimi ni mzazi tu, lakini hili limenipitia nyumbani. Mwanangu wa kwanza alipata A ya Hisabati na A ya Fizikia, Kemia A-, halafu Kiingereza D+ na Kiswahili D. Nilikuwa wa kwanza kulalamika kwamba lugha zimemshusha mtoto. Akaingia uhandisi kwa tabu. Mwaka wa kwanza hesabu zilikuwa mchezo kwake, ila kila ripoti ya maabara ilirudishwa. Alikuwa akinipigia simu usiku, mwanamume mzima, analia kwa sababu anajua jibu na hawezi kuliandika.

Kwa hiyo, Mwalimu, lugha msiiondoe. Ila naomba kumuuliza Mhadhiri: huyo mtoto alipofika kwenu na D+ ya Kiingereza, mlimfundisha kuandika, au mlimrudishia ripoti tu?

Mchangiaji, Tanga

Naomba niongeze kutoka upande wa huku. Tanzania mchujo wa namna hii unaanza mapema. Mtoto akimaliza kidato cha nne anachagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu, kama PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) au nyingine, na kidato cha sita anapimwa zaidi kwa masomo hayo matatu. Kuingia shahada, kigezo cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusiana na kozi, jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2. Binti wa Mwalimu angekuwa HKL, Kemia angeshaiaga kidato cha nne, na leo angekuwa chuo.

Lakini msituonee wivu haraka. Mtoto wa miaka kumi na saba akikosea tahasusi, kurudi nyuma ni kazi kweli. Nina mpwa wangu alisukumwa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na baba yake, akapata S mbili, ufaulu hafifu usiotosha kuingia shahada. Ikabidi aanze upya kwa stashahada, ikamla miaka mitatu.

Niliyepitia "parallel", Nairobi

Mnazungumza kana kwamba huo mlango uliwahi kuwa mmoja. Mpango wa wanafunzi wa kujilipia, tuliouita "parallel", ulianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, na mimi niliingia kwa mlango huo. Nilikuwa na C+ yangu, sikufikia pointi za serikali za kozi niliyotaka, baba akauza shamba. Darasani nilikaa kiti kimoja na waliopata A. Nilihitimu, ninafanya kazi, na sijawahi kuulizwa pointi zangu.

Halafu ikaja KCSE ya 2016, udanganyifu ukabanwa, waliopata A wakawa 141 nchi nzima na waliofikia C+ wakashuka hadi 88,929. Serikali ikawapa wote hao nafasi, na parallel ikakosa watu. Sijasema irudi. Nasema tu kwamba kwa karibu miaka ishirini mwenye pesa alisamehewa pointi asizokuwa nazo, na hatukusikia kwamba viwango vimeporomoka. Mtoto wa Kilifi akiomba asamehewe Kemia, ndipo tunakumbuka viwango.

Mwalimu wa kutwa, Kilifi

Asanteni, nimesoma yote mara mbili.

Mama wa Eldoret, umenirudisha nyuma kidogo na nakubali. Lugha ibaki sharti. Hata Hisabati nakubali ibaki, kwa kiwango cha chini kinachojulikana wazi, kama mtihani wa kuvuka au kutovuka. Ninachokataa ni kuichanganya kwenye wastani mpaka imeze A- ya Kiswahili.

Mhadhiri, hesabu yako ya klasta nitaibandika ukutani ofisini. Ni kweli tunawaacha watoto wachague kozi kwa majina, na hapo lawama ni yetu. Lakini umenisaidia bila kutaka. Kama mfumo una akili ya kutambua kwamba mwenye B anaweza kustahili kozi kuliko mwenye B+, kwa nini akili hiyo ifungiwe ndani, na mlangoni tumweke bawabu asiyejua kusoma zaidi ya wastani? Binti yule hakufika kwenye klasta. Hakuna aliyeangalia masomo yake manne bora.

Na usiniambie aende stashahada kwanza. Nilimwambia hivyo mwenyewe. Tatizo ni kwamba masharti ya TSC, tume ya walimu, kwa mwalimu wa sekondari yanataja wastani wa C+ katika KCSE na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Hayo mawili anayo na ziada. Wastani ndio utakaomfuata kila ofisi atakayoingia na bahasha yake.

Kuna jambo nililiacha makusudi mwanzoni. Kuanzia KCSE ya 2023 ukokotoaji ulibadilishwa: Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano bora. Mwaka huo waliofikia C+ walizidi 200,000. Chukueni alama zilezile za binti yule: Hisabati 1, Kiswahili 11, kisha Historia 10, Dini 9, Kiingereza 8, Biashara 7, Baiolojia 4. Kemia inatoka, Biashara inaingia. Jumla 50. Wastani 7.14, ambao ni C+.

Matokeo yake yalitoka Januari 2023. Badiliko lilitangazwa mwaka huohuo, likawahusu waliomfuata. Hakusoma kidogo kuliko wao, na mtihani wake haukuwa rahisi kuliko wao. Sasa hivi anauza katika duka la shangazi yake Mtwapa, na jioni anawafundisha watoto wa jirani insha bila malipo.

Kwa hiyo naliongeza swali, na ningependa Mhadhiri alijibu kwanza: wale wa 2022 na kurudi nyuma, ambao kwa hesabu ya leo wana C+, kwa nini wasikokotolewe upya? Alama zao zote zipo KNEC.