Mashine ya kunyolea yenye wembe wa hanamu: je, itamfaa mwenye vipele vya shingoni?

Mkazi wa Tabata

Salaam kwenu nyote. Huu ni mwaka wa pili tangu nianze kunyoa ndevu kwa mashine ya chuma yenye wembe mmoja wa pande mbili, baada ya kuachana na zile za plastiki zenye nyembe tatu ambazo ziliniachia shingo iliyojaa vipele. Mashavuni sasa sina tatizo lolote. Chini ya taya, hata hivyo, ndevu zangu ni ngumu na zimejisokota, na nikipitisha wembe mara mbili tu, kesho yake vipele vimerudi. Shemeji yangu anakuja kutoka Ujerumani mwezi ujao, naye ameniuliza kama aniletee Merkur 37C, ile ambayo wembe wake hukaa hanamu. Nimeitazama picha yake nikaingiwa na wasiwasi, kwa maana wembe unaonekana kana kwamba umefungwa vibaya. Naomba aliyewahi kuitumia anieleze kama ni kali kuliko ya kawaida, na kama itanipunguzia vipele au itaniongezea.

Baba Zuhura

Ndugu yangu, ninayo mwaka wa nne huu. Wembe haukufungwa vibaya, na tafadhali usijaribu kuunyoosha kama nilivyofanya mimi siku ya kwanza, nikaifungua na kuifunga mara tatu nikidhani nimeuziwa mbovu.

Tangu King C. Gillette alipopata hataza yake mwaka 1904, mashine za aina hii hutumia wembe mwembamba sana, ambao ukiushika mkononi unapinda, na ni lazima ubanwe baina ya kifuniko na bamba la chini ndipo ukazike. Katika 37C, kifuniko na bamba vyote vimesokotwa kidogo, mfano wa panga la feni, na wembe ukibanwa humo husokotwa pamoja navyo. Kwa hiyo unakakamaa zaidi na hautetemeki unapokutana na udevu mgumu, na wakati huohuo makali yanaufikia udevu kwa mshazari. Mkata muwa hapigi panga likiwa limenyooka. Hulilaza kidogo, na muwa unakatika bila yeye kutumia nguvu nyingi. Hapa ni vivyo hivyo.

Ukali wake basi uko katika wepesi wa kukata, na wepesi huo ndio unaomponza mgeni. Wiki ya kwanza nilijikata kidevuni kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea kukandamiza. Uache uzito wa mashine ufanye kazi, nawe uongoze tu.

Kinyozi wa Ngamiani

Aliyoyasema Baba Zuhura kuhusu ukataji ni sahihi, lakini muulizaji ana shida ya vipele, na hapo ningependa twende taratibu. Nimeshika wembe tangu mwaka 1991, na shingo za namna hiyo nimeziona nyingi. Udevu uliojisokota ukikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake huwa kali. Unapokua hujikunja na kuichoma ngozi kutoka nje, au unaanza kuichoma kabla haujatoka. Nyembe tatu ni mbaya kwa sababu ule wa mbele huuvuta udevu na unaofuata huukatia chini ya usawa wa ngozi. Wembe wa hanamu hauvuti, hiyo ni sifa yake, ila kwa kuwa unapita bila kukwama, mtu hushawishika kurudia na kunyoa kinyume cha ndevu ili ngozi iteleze kama ya mtoto. Mwenye ngozi kama yako hapaswi kuitafuta ngozi hiyo.

Kabla ya kumtuma shemeji, acha ndevu siku mbili, kisha pitisha vidole shingoni pande zote. Upande unaokwaruza ni kinyume. Wengi hudhani ndevu za shingoni huelekea chini, kumbe huenda ubavuni au hata juu. Nyoa kwa kuzifuata, mara moja tu, bila kuivuta ngozi. Ukitaka kuonja hanamu, ishike mashine uliyonayo ikiwa imelala mshazari kidogo, huku ukiipitisha njia ileile iliyonyooka. Usiiburute kwa upande, kwani hapo utajichanja. Na povu pia lina sehemu yake: kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitatoa povu la maana, tafuta hata kikombe kimoja cha maji ya mvua.

Mkazi wa Tabata

Shikamoo Mzee Kinyozi. Nimepapasa kama ulivyoelekeza na nimeshangaa: upande wa kushoto ndevu zinaelekea sikioni, ilhali miaka yote nimekuwa nikizinyoa kwenda chini. Maji yangu ni ya kisima kweli. Jana nimenyoa mara moja tu kwa kuzifuata, na leo kuna vipele viwili badala ya kumi. Hata hivyo mashine bado ninaitamani, maana ndevu za kidevuni zinakwama. Nianze na wembe gani?

Kinyozi wa Ngamiani

Marahaba. Basi itumie kidevuni kwanza, shingoni usubiri hadi papone kabisa.

Baba Zuhura

Usianze na Feather ya Japani, ni kali mno kwa mkono ambao haujazoea. Derby au Astra zitakutosha. Na kama shemeji atanunua na nyembe hukohuko, aziweke kwenye mzigo wa kukabidhi, kwa kuwa kwenye begi la mkononi atanyang'anywa pale uwanjani.