Nani kawadanganya watoto wetu kwamba Mlima Rungwe umetokana na mabamba kugongana?

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la vichekesho, leo sicheki.

Jana jioni binti wa dada yangu, yuko darasa la sita hapa Mbeya, kaniletea karatasi ya jaribio huku machozi yanamtoka. Swali: Mlima Rungwe ulitokeaje? Mtoto kajibu kwamba ardhi inavutwa na kuachana, miamba ya moto iliyoyeyuka ikapanda juu. Kapigwa kosa kwa wino mwekundu, alama mbili zimekwenda! Pembeni kaandikiwa jibu "sahihi": mabamba mawili ya bara, yaani vile vipande vikubwa vya ganda la dunia, yaligongana. Nikampigia mwalimu, kwa adabu kabisa. Akanijibu kijitabu cha majibu ndivyo kinavyosema. Kijitabu chenyewe wazazi tumelazimishwa kununua kwa 5,000!

Mimi si msomi, ni dereva. Ila nimewaendesha wajiolojia miaka sita, Ngosi, Kiejo, Songwe kwenye maji moto, na mawe yao nimebeba mpaka kiuno kikagoma. Ukikaa na watu wale garini utajifunza utake usitake.

Sisi tuko kwenye Bonde la Ufa. Rungwe ipo pale zinapokutana nyufa tatu: ya Rukwa, ya Usangu na ya Ziwa Nyasa. Ardhi inavutwa milimita chache tu kwa mwaka, lakini kwa mamilioni ya miaka. Ikivutwa inakuwa nyembamba, mwamba wa moto wa chini unapanda, mgandamizo unapungua, nao unaanza kuyeyuka bila hata kuongezewa joto. Basi. Kiejo ilitapika mara ya mwisho karibu mwaka 1800, juzi tu. Na gesi bado inatoka: hewa ya kaboni inayovunwa huko Rungwe mnainywa kwenye soda. Mgongano uko wapi hapo?

Sasa huyo mtunga kijitabu aende Himalaya. India iliigonga Asia yapata miaka milioni 50 iliyopita na mpaka leo inasukuma. Pale ndipo mabara yanapogongana kweli kweli. Kajionee mwenyewe: Everest ina mita 8,849 na haijawahi kuwa volkano. Himalaya nzima, volkano hai hakuna!

Sababu yake nilielezwa siku tumekwama kwenye tope njia ya Ngosi, masaa manne tunasubiri trekta. Kinachopika volkano kwenye migongano ni bamba la bahari. Hilo ni zito, linazama chini ya bara likiwa na maji ndani yake. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, maji yanatoka, yanapanda kwenye mwamba wa moto ulio juu yake na kuufanya uyeyuke kirahisi. Ndivyo ilivyo milima ya Andes, Amerika Kusini, na ndiyo maana Ojos del Salado, volkano ndefu kuliko zote duniani ukipima kutoka usawa wa bahari, iko kule. Bahari ikishamezwa yote, mabara mawili yanakutana uso kwa uso. Yote mepesi, hakuna anayekubali kuzama. Yanakunjana, ganda linanenepa mpaka kilomita 70 hivi, na maji ya kuyeyushia yamekatika. Hata kikiyeyuka kitu, kinagandia humo humo chini kuwa graniti.

Msinirukie na Ararat, naijua. Pale Uturuki, na Damavand ya Iran, volkano zipo ingawa Arabia inaisukuma Ulaya na Asia. Wale mabosi walisema bamba la bahari lililokwisha kuzama likikatika na kudondoka, au mzizi wa bara ukimeguka, mwamba wa moto unajaza nafasi na kuyeyuka. Kwa hiyo volkano inaweza kuja baada ya mgongano, lakini kwa njia hiyo ya kuzunguka, si kwamba mabara yakigongana tu cheche zinaruka kama nyundo na jiwe!

Kinachoniuma zaidi: mtoto amezaliwa Tukuyu, kacheza na vile vijiwe vyepesi vinavyoelea majini, bibi yake analima ndizi kwenye udongo wa jivu la mlima ule ule. Halafu anakuja mtu na kijitabu kumwambia kakosea kuhusu kwao.

Jumatatu saa mbili niko getini na karatasi mkononi. Nataka alama mbili za mtoto na 5,000 yangu. Kuna mwingine mwanawe kafanya jaribio hili? Mnijuze, twende wengi.