Mnaiteteaje muvi mnayoipenda bila kusema "najua ni mbaya, lakini..."?

MstariWaNyuma

Wadau, nina swali na silileti kwa utani.

Jumamosi nilikuwa nimejiandaa kuangalia Anaconda ya 1997, ile ya joka kubwa, mara ya ngapi sijui. Shemeji akaingia, akakaa, akauliza tunaangalia nini. Nikamtajia. Jina la muvi halijatoka hata kwenye skrini, mwenzangu keshatoa simu, kaingia Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, anasoma asilimia kwa sauti kama mwalimu anayetangaza matokeo. "Hii hata nusu haikufika." Halafu akageuka kunitazama mimi, skrini kaiacha.

Na mimi, mdomo ukanitoka: "Najua ni mbaya, lakini..."

Hilo "lakini" limenikera wiki nzima. Nilikuwa namwomba nani radhi? Muvi yenyewe haijawahi kunichosha. Kuna boti, kuna mto Amazon, kuna watu wanaokwenda kurekodi maisha ya kabila la ndani huko msituni, na kuna Jon Voight, mtu mwenye Oscar yake ya Coming Home kabatini, ambaye amekunja mdomo mwanzo mpaka mwisho kama mwenye jino bovu. Mwishoni nyoka anammeza. Kisha anamtapika. Jamaa yuko hoi, kalowa ute mwili mzima, na kabla ya kukata roho anamkonyeza Jennifer Lopez. ANAMKONYEZA! Najua kabisa kinakuja, na bado kila nikifika hapo nashika mbavu.

Sasa nyie mnazitetea vipi za kwenu? Msiniambie "kila mtu na ladha yake", huko ni kunifunga mdomo kistaarabu. Nataka hoja.

HesabuKwanza

Anza na hiyo asilimia yenyewe, maana shemeji yako kaisoma kama alama za mtihani. Rotten Tomatoes wanachukua kila uhakiki na kuuuliza swali moja tu: huyu kaipenda au hakuipenda? Wakishahesabu, asilimia unayoiona ni ya waliosema ndiyo. Kwa hiyo muvi ambayo kila mhakiki kaiona "haina neno, inatazamika" inaweza kupata 100. Na ile iliyowagawa watu, nusu wakaifia na nusu wakataka warudishiwe hela zao, inabaki na 50. Mimi jioni yangu naipa hiyo ya 50.

Halafu mkumbushe kwamba Roger Ebert, mmoja wa wahakiki waliosomwa sana Marekani, aliipa Anaconda nyota tatu na nusu kati ya nne.

MstariWaNyuma

Tatu na nusu?! Hiyo naiandika kwa herufi kubwa naibandika juu ya televisheni.

MajiYanapanda

Usiibandike, mkuu. Ukimkimbilia Ebert umeshakubali kwamba wahakiki ndio mahakama, ila umetafuta hakimu wa upande wako. Kesho shemeji atakuja na wake ishirini.

Na tuseme ukweli, makosa yamo. Razzie, zile tuzo za kuzomea filamu, waliiteua mara sita, mojawapo ikiwa filamu mbovu kuliko zote za mwaka. Umewahi kuangalia vizuri pale boti inaporudi kinyumenyume? Acha boti, tazama maporomoko yaliyo nyuma yake. Maji yanapanda juu! Waliirekodi boti ikienda mbele, wakaicheza picha kinyume, wakasahau kwamba na maji nayo yatageuka. Mimi niliyaona mara ya tatu. Nikasimamisha, nikarudisha, nikaanza kuita watu waliokuwa chumba cha pili, na waliokuja nikawaonyesha kwa kidole kama mtu aliyeokota dhahabu.

Sasa niambie hilo kosa limenipunguzia raha au limeniongezea. Wewe ukiulizwa, usibishe kwamba si mbaya. Sema "ndiyo, maji yanapanda, sogea hapa uyaone."

MudaUtasema

Mnausahau muda. The Thing ya John Carpenter ilitoka Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T. Watu bado wana yule mgeni mpole wa anga za juu moyoni, wanaletewa mwingine ambaye kifua kinafunguka kama mdomo na kumng'ata daktari mikono yote miwili. Wahakiki waliiponda vibaya. Hata muziki wa Ennio Morricone uliteuliwa Razzie! Mwaka 2016 mzee huyohuyo akachukua Oscar kwa muziki wa The Hateful Eight, na ndani yake mna vipande alivyokuwa ameviandikia The Thing vikaachwa. Vuta subira, historia itakuja upande wako.

MstariWaNyuma

Haitakuja, na wala siisubiri. The Thing ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza, watu ndio walichelewa. Kwenye Anaconda hakuna aliyechelewa. Yule nyoka wa kompyuta hata 2050 atakuwa vilevile. Mimi nauliza za namna hiyo, zile ambazo hazitasafishwa jina hata siku moja.

JumanneTu

Basi njoo kwangu. Street Fighter ya 1994, ile ya Van Damme. Hadithi imejazwa watu mpaka hujui umfuate nani, na mapigano, ambayo ndiyo tuliyoyafuata kwa kuwa ni muvi ya gemu la mapigano, hayana nguvu. Mpaka hapo sina cha kutetea.

Lakini adui, Bison, kaigizwa na Raul Julia. Alikuwa mgonjwa wakati wanarekodi, na ukimtazama usoni unaona amekonda. Alifariki Oktoba 1994, muvi ikatoka Desemba. Inaelezwa kwamba alikubali kazi ile kwa sababu watoto wake walilipenda gemu. Mtu wa namna hiyo, mwigizaji mkubwa wa jukwaani, angeweza kuja kusoma mistari yake na kuondoka. Yeye kaigiza kana kwamba kapewa Shakespeare.

Kuna pale binti mmoja, Chun-Li, anamweleza Bison jinsi alivyomuua baba yake kijijini kwao. Binti anatetemeka kwa hasira, amelibeba jambo hili miaka yote. Julia anamsikiliza hadi mwisho, kisha anamwambia, kwa upole kabisa, kwamba siku Bison alipofika kijijini kwenu ilikuwa siku kubwa kuliko zote maishani mwako, ila kwangu mimi ilikuwa Jumanne.

Jumanne! Hapandishi sauti, wala hatukonyezi sisi watazamaji kutuonyesha kwamba naye anajua muvi ni mbovu. Hoja yangu iko hapo. Mimi siulizi muvi ni nzuri au mbaya. Natafuta kama kuna mtu hata mmoja ndani yake aliyekuja kufanya kazi. Akiwepo, nakaa mpaka mwisho. Asipokuwepo, hata ikiwa na asilimia 90, nalala.

MajiYanapanda

Na Jon Voight naye alikuja kufanya kazi, na kitu hakubakisha. Lile jino bovu halikupona mpaka mwisho.

MstariWaNyuma

Narudi na ripoti. Jana shemeji kaja tena. Nimeiweka kimya kimya, sikusema "najua" wala "lakini". Simu anayo mkononi. Boti ilipoanza kurudi nyuma nikamwambia tu, angalia maji.

Kaangalia. Kanyamaza. Kaomba rimoti, karudisha mara mbili.

Kwenye kukonyeza alicheka mpaka akakohoa. Sasa anadai ile ya Jumanne tuiangalie kesho, na mimi Street Fighter sina. JumanneTu, unaipata wapi yenye picha nzuri?