Wauza printa mnatuficha nini? Seva ya Linux inaiona, karatasi haitoki!

Wakuu, shikamooni wenye shikamoo zenu, wengine mambo. Leo sina utani.

Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Fomu za ajira, barua za serikali ya mtaa, ripoti za wanachuo walio fildi, hiyo ndiyo riziki. Wateja wanatuma mafaili kwa Wi-Fi, yanaingia kwenye seva iliyo chini ya meza: kompyuta ya mtumba, haina skrini wala kibodi, inaendesha Debian, aina mojawapo ya Linux, mfumo endeshi unaoshika nafasi ya Windows. Printa ya leza imechomekwa hapo kwa kebo ya USB. Hakuna uchawi wowote.

Dukani niliuliza mapema kabisa, hii inakubali Linux? Muuzaji hata hakufikiri: "Kaka, USB ni USB, inakubali kila kitu." Duka silitaji, kampuni iliyoiunda siitaji. Wanajijua.

Sasa sikilizeni. Ukiandika lsusb, amri ya kuorodhesha vilivyochomekwa USB, printa hiyo hapo, jina na namba zake. Ukiandika lpinfo -v, amri ya kuonyesha printa zinazopatikana, ipo. Unaisajili kwenye CUPS, programu inayosimamia uchapaji kwenye Linux, inakubali. Unafungua ukurasa wake kwenye kivinjari, poti 631, unaambiwa iko tayari. Unatuma karatasi ya majaribio: kimya. Mteja amesimama kaunta anaulizia fomu yake, gari la Pongwe linamwacha, na mimi nachomoa kebo na kuchomeka.

Kumbe printa hizi hazibebi programu yake ndani. Kampuni imebana gharama, ikaondoa kumbukumbu ya kudumu, kwa hiyo ile programu inayoendesha mashine yenyewe inabidi isukumwe na kompyuta kila printa inapowashwa. Ukiizima, imesahau yote. Tena haijui PostScript, haijui PCL, zile lugha za kuielezea printa ukurasa ulivyo. Kompyuta ndiyo inayoichorea ukurasa mzima hadi nukta ya mwisho. Kwenye Windows hayo yote yanafanyika nyuma ya pazia, ndiyo maana muuzaji anakuapia bila wasiwasi. Kwenye Linux unatakiwa uwe na kifurushi cha draiva, yaani programu ya kuiongoza printa, halafu na plagini, kipande cha nyongeza cha kampuni, ambayo msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe) umefungwa na Debian hawaigawi, unaipakua mwenyewe kwa bando lako. Na plagini na kifurushi lazima viwe toleo moja. Ukipandisha Debian kwenda toleo jipya, kifurushi kinapanda, plagini inabaki kule kule, na steshenari imelala.

Weka sasa na umeme wa huku, ambao nao ni waja leo waondoka leo. Ukikatika, printa imesahau. Ukirudi, printa inawaka upesi, seva bado inajivuta, na mara nyingine ile programu haisukumwi kabisa. Nachomoa, nachomeka. Nikienda kuswali Adhuhuri umeme ukacheza, nikirudi nakuta foleni ya kazi imejaa na kijana wangu ananitazama tu.

Najua wajuaji mnakuja kusema tatizo ni CUPS. CUPS haina kosa! Michael Sweet aliianza mwishoni mwa miaka ya 1990, Apple wakainunua 2007, kompyuta zao za Mac zote zinachapa kwa hiyo hiyo. Mwanzoni inasikiliza kompyuta yake yenyewe tu. Unaifungua kwa kompyuta nyingine kwa amri ya cupsctl --remote-admin --share-printers, unaliingiza jina lako kwenye kundi la lpadmin, la wasimamizi wa printa, basi. Hayo yameandikwa na yanasomeka. Kwenye boksi la printa ndiko hakuna hata mstari mmoja unaosema mashine hii bila programu yetu ni pambo la mezani.

Halafu mnajua programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, ilichochewa na nini? Printa! Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman, mtunzi wa programu pale chuo cha MIT, Marekani, alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox ili karatasi ikikwama watu waarifiwe. Akanyimwa msimbo. Hasira ile haikuisha, 1983 akatangaza GNU, mradi wake wa programu huria. Miaka zaidi ya arobaini imepita, na mimi Ngamiani bado nabembeleza plagini iliyofungwa ili nichape barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Na asije mtu na "weka Windows mkuu". Seva hii inafanya mengine mengi na haijawahi kunisumbua, siibomoi kwa sababu ya ubahili wa mtu mwingine.

Mwenye printa ya leza ya mtumba inayojua PostScript au PCL, au ile ya mtandao inayokubali AirPrint, njia ya Apple ya kuchapa ambayo haihitaji draiva, akiwa Tanga mjini, Muheza au Korogwe, aniandikie bei. Nitakuja na laptop ya Linux, tuchape mbele yangu, tuizime, tuiwashe, tuchape tena, ndipo hela itoke. Hii yangu naiuza, kwa mwenye Windows tu, na hilo nitamwambia kabla hajagusa pochi.